Treni ya Mizigo Katikati ya Mtaa: Namna ya Kuipiga Picha na Namna ya Kuisoma Picha ya Zamani

Wasomaji wanaoandika kuhusu picha za treni huuliza jambo moja kwa njia tatu. Wa kwanza ameona picha ya miaka ya 1960 kutoka Marekani: treni ndefu ya mizigo inapita katikati ya barabara ya mjini, magari yameegeshwa ubavuni kwake, watu wamesimama mlangoni mwa duka wakisubiri ipite. Anataka kujua picha kama ile ilipigwaje. Wa pili amenunua mnadani boksi la slaidi za aina hiyo zisizo na maandishi yoyote, naye anauliza ni mji gani na mwaka gani. Wa tatu anaishi hukohuko ughaibuni, amesikia bado iko mitaa michache inayopitiwa na treni, na anataka apige picha zake. Nawajibu wote kwa pamoja, kwa kuwa jibu lao ni moja: picha ya treni ya mtaani ni picha ya mtaa. Treni ndiyo inayokusimamisha, lakini mtaa ndio unaosema ni wapi, ni lini, na watu waliishi vipi na chuma kile mlangoni mwao. Ukiukata mtaa ili treni ionekane vizuri, utabaki na picha ambayo ingeweza kupigwa katika stesheni yoyote.

Treni zilifikaje mtaani

Sababu ilikuwa biashara tu. Katika karne ya 19 miji mingi ya Marekani ilitaka reli ifike mpaka mlangoni mwa ghala, kiwanda na gati, na halmashauri zikaziruhusu kampuni kutandika reli juu ya barabara zilizokwisha kuwepo. Huko New York, treni za mizigo za New York Central zilipita Tenth Avenue kati ya watu na mikokoteni. Ajali zilikuwa nyingi hata watu wakaiita njia ile Mtaa wa Kifo, na treni ilitanguliwa na mpanda farasi aliyepunga bendera nyekundu mchana na taa usiku. Reli ya juu, ya kuziondoa treni mtaani, ilifunguliwa 1934, lakini mpanda farasi wa mwisho aliendelea na kazi hadi 1941. Lafayette, Indiana, kampuni ya Monon ilipita katikati ya Fifth Street, kwenye maduka kabisa, na treni hazikuondolewa pale mpaka 1994. Erie, Pennsylvania, zilipita 19th Street mbele ya nyumba za watu mpaka 2002.

Ikumbuke miaka hiyo, kwa maana inaondoa dhana kwamba haya ni mambo ya enzi za mvuke pekee. Picha nyingi utakazokutana nazo ni za rangi, treni ni za dizeli, na mengi ya majengo yanayoonekana bado yamesimama. Hiyo ndiyo faida kubwa ya anayetaka kuzitambua.

Kwa nini mtaa utangulie

Wapiga picha wa reli wa Marekani walirithi kanuni ambayo Lucius Beebe aliieneza kwa vitabu vyake tangu mwishoni mwa miaka ya 1930: jua liwe mgongoni, treni ije kwa mshazari ili uso na ubavu wa kichwa chake vionekane pamoja, na mbele pasiwe na kitu. Ni kanuni nzuri kwa anayetaka kumbukumbu ya mashine. Kwa treni ya mtaani ina hasara, kwa sababu inamfundisha mpiga picha kungoja mpaka watu na magari yatoke, halafu abonyeze. Linganisha na O. Winston Link, ambaye kati ya 1955 na 1960 alipiga treni za mwisho za mvuke za Norfolk and Western, nyingi usiku, kwa balbu za flashi zilizounganishwa kwa waya. Mwaka 1956, mjini Iaeger, West Virginia, alipiga treni ikipita nyuma ya sinema ya wazi ambako watazamaji wamekaa ndani ya magari yao. Mwaka 1958 alipiga nyingine ikipita sambamba na barabara kuu ya mji wa Northfork, madukani. Watu wasiojua kutofautisha kichwa kimoja cha treni na kingine wanazijua picha hizo, maana zinaonyesha treni ikiwa jirani ya watu.

Mtu atasema: Link alipanga watu wake, na hata ile ndege inayoonekana kwenye skrini ya sinema aliiongeza baadaye, alipokuwa akitengeneza picha. Ni kweli. Flashi zilikuwa kali mno, skrini ikafutika. Lakini ona alichokiona ni muhimu kiasi cha kukirudisha kwa mkono: mazingira, wala si treni. Funzo la pili ni kwamba picha ya mtaa hutumiwa kama ushahidi, kwa hiyo ukipanga watu au ukiondoa nguzo kwa programu ya kompyuta, liandike jambo hilo kwenye maelezo ya picha.

Wengine hulalamika kwamba magari yaliyoegeshwa yanaharibu picha. Yanaharibu leo. Baada ya miaka 30 ndiyo yatakayotazamwa kwanza, na ndiyo yatakayosema picha ni ya lini.

Ukitaka kupiga leo

Mitaa iliyobaki si mingi, ila ipo. Treni za BNSF hupita Mason Street mjini Fort Collins, Colorado. Za CSX hupita Main Street ya La Grange, Kentucky. Za Union Pacific hupita Embarcadero West karibu na Jack London Square, Oakland. Na Augusta, Georgia, reli iko katikati ya 6th Street. Hakikisha hali kabla ya kukata tiketi. Michigan City, Indiana, ilikuwa maarufu kwa treni za abiria za umeme zilizokimbia mtaani, lakini mwaka 2022 ziliondolewa kati ya magari, na reli ikajengwa upya ikiwa imetengwa na barabara.

Jambo linalowapiga chenga wasomaji wetu wengi ni mwanga. Aliyezoea jua la Dar es Salaam au Mombasa amezoea jua la utosini, linalohama kidogo kaskazini na kidogo kusini kwa majira. Kule Marekani jua huwa upande wa kusini adhuhuri zote za mwaka. Mji kama Lafayette uko takriban digrii 40 kaskazini mwa ikweta: adhuhuri ya Juni jua hufika kama digrii 73 juu ya upeo, na ya Desemba haipiti 27. Maana yake, jengo la mita 10 linalotupa kivuli cha mita 3 mwezi Juni litatupa kivuli cha mita 20 mwezi Desemba, na barabara inayotoka mashariki kwenda magharibi itakuwa gizani karibu yote. Kwa barabara ya aina hiyo nenda kiangazi, na uelekeze kamera kwenye majengo ya upande wa kaskazini, ambayo nyuso zake hupata jua. Kwa barabara ya kaskazini–kusini, asubuhi huangaza majengo ya magharibi na jioni yale ya mashariki, na adhuhuri treni inayokwenda kusini hupigwa jua usoni. Asubuhi mapema na jioni sana huko mjini hazimfai anayetaka jua; majengo huficha jua hata kama juu ya paa kunang'aa.

Kasi ya treni haipaswi kukutia hofu. Mtaani huenda polepole, mara nyingi kama kilomita 16 kwa saa, yaani mita 4.4 kwa sekunde. Kwa kasi ya shata ya 1/60, treni itasogea sentimita 7 na picha itakuwa na ukungu. Kwa 1/250 itasogea chini ya sentimita 2, na kwa 1/500 chini ya moja. Ikija kukuelekea, msogeo unaoonekana ni mdogo zaidi. Hesabu hii inaeleza pia tabia ya picha za zamani. Filamu ya slaidi iliyopendwa sana, Kodachrome, ilikuwa nzito kupokea mwanga: ASA 25 tangu 1961, na ASA 64 kuanzia 1962. Jua kali likiwaka, ASA 64 iliruhusu 1/250 na tundu la lenzi f/8, basi. Wingu likipita, mpiga picha alilazimika kuchagua kati ya treni yenye ukungu na mtaa uliopotea nyuma ya fokasi. Ndiyo maana picha nyingi za wakati ule ni za mchana wa jua kali, na siku za mvua hazionekani kama vile hazikuwahi kuwepo. Kamera yako haina kizuizi hicho. Piga mvua, piga theluji, piga jioni taa za maduka zinapowaka.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu:

- Fika mapema, upige mtaa ukiwa mtupu kutoka mahali utakaposimama. Picha hiyo ndiyo itakayoonyesha treni imebadilisha nini.
- Tumia lenzi ya kati ya milimita 35 na 50. Simu ya kawaida huona kwa upana wa milimita 24 hadi 28. Sogea mbele, au ukuze mara mbili ikiwa simu ina lenzi ya kazi hiyo.
- Weka ndani ya fremu kitu kisichohama: kibao cha jina la mtaa, kona ya jengo, mnara wa kanisa.
- Piga kichwa kikija, kisha usiishushe kamera. Piga mabehewa yakiwa yameziba njia, watu wakisubiri, na behewa la mwisho likiondoka.
- Geuka nyuma. Nyuso za wanaoitazama treni ziko mgongoni mwako.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi. Wapiga picha wa filamu walikuwa na picha 36 kwa mkanda na kila moja ilikuwa na gharama, hivyo walipiga kichwa cha treni wakaacha mengine. Hawalaumiki. Wewe mwenye kadi inayobeba maelfu huna udhuru huo.

Lenzi ndefu na mvuto wake

Lenzi ndefu inastahili sehemu yake. Lenzi ya milimita 200 au zaidi huvuta vitu vya mbali, hata treni ikaonekana imejaa mtaa mzima na kukaribia kumeza magari. Inapendeza, nakubali. Ila inafuta umbali: mtazamaji hajui tena kama gari lile lilikuwa mita 5 au 50 kutoka kwenye treni, na umbali huo ndio kiini cha maisha ya mtaa wa namna hiyo. Pia inakuvuta usimame katikati ya reli ili upate mstari ulionyooka. Itumie kwa picha moja, tena ukiwa njia ya waenda kwa miguu mahali ambapo barabara inapinda.

Usalama, bila mzaha

Treni ni pana kuliko reli zake. Hutokeza kiasi cha mita moja kila upande, na mzigo au mlango uliolegea huweza kutokeza zaidi. Simama juu ya njia ya waenda kwa miguu, si ukingoni mwake. Usitegemee honi, kwa kuwa miji kadhaa ya Marekani imepewa kibali cha treni kupita bila kuipiga. Usidhani treni iliyosimama itaendelea kusimama, na kamwe usipite kati ya mabehewa. Polepole yake pia inadanganya: treni ya tani maelfu haisimami kwa sababu tu dereva amekuona.

Kisheria, Marekani unaruhusiwa kwa kawaida kupiga picha ukiwa mahali pa umma, na njia ya waenda kwa miguu ni mahali pa umma. Yadi ya treni, daraja la reli na behewa lenyewe ni mali ya kampuni. Huku kwetu mambo ni tofauti. Kwenye stesheni, bandari na madaraja, omba ruhusa kwanza ndipo utoe kamera.

Kuisoma picha isiyo na maandishi

Sasa mwenye boksi la slaidi. Kanuni ni moja: karibu kila dalili hukuambia "si kabla ya mwaka fulani", na chache mno hukuambia "si baada ya". Kosa kubwa ni kuchanganya hizo mbili. Chukua Fifth Street ya Lafayette. Monon iliungana na Louisville and Nashville 1971. Hiyo ikaingia Seaboard System mwishoni mwa 1982. Na Seaboard ikawa CSX 1986. Ukiona jina la CSX kwenye treni katika mtaa ule, picha ni ya kati ya 1986 na 1994, kwa sababu jina linafunga mlango wa nyuma na kuhamishwa kwa reli kunafunga wa mbele. Lakini ukiona rangi za Monon usiandike "kabla ya 1971", maana kampuni hazipaki rangi treni zote siku ya kuungana. Vichwa vya zamani viliendelea kutembea na rangi za zamani kwa miaka. Vivyo hivyo Erie: kampuni ya Nickel Plate, yenye reli ya 19th Street, ilichukuliwa na Norfolk and Western 1964, na jina la Norfolk Southern lilikuja 1982.

Dalili nyingine za kutafuta kwa lenzi ya kukuzia:

- Kibao kidogo cha mistari ya rangi ubavuni mwa behewa. Mfumo huo wa kutambua mabehewa ulianza 1967 na kuachwa 1977, ila vibao vilibaki vimebandikwa baada ya hapo.
- Taa ndogo za pembeni kwenye magari ya abiria: modeli za 1968 na baadaye.
- Taa ya tatu ya breki katikati ya kioo cha nyuma: gari dogo lililo nayo kiwandani kwa kawaida ni la modeli ya 1986 au baadaye.
- Kibao cha kusimama cha rangi ya njano. Vyekundu vilikuwa kanuni tangu 1954, lakini vya njano havikung'olewa vyote kwa siku moja.
- Behewa dogo la wafanyakazi mkiani mwa treni. Yalianza kutoweka katikati ya miaka ya 1980, nafasi yake ikachukuliwa na kifaa chenye taa.
- Jina la filamu kwenye ubao wa sinema. Hii ni miongoni mwa dalili chache zinazokaribia kukupa wiki yenyewe, ukilinganisha na matangazo ya gazeti la mji huo.

Mwaka wa kutengenezwa kwa behewa nao huandikwa ubavuni, karibu na takwimu za uzito. Vivuli hukupa majira kwa hesabu niliyoitaja juu. Fremu ya slaidi iliyosafishwa na Kodak mara nyingi ina muhuri wa mwezi na mwaka, lakini huo ni wa kusafishwa. Mkanda uliweza kukaa ndani ya kamera tangu kiangazi hadi Krismasi, kwa hiyo muhuri unasema "si baada ya", na hapo ndipo thamani yake ilipo. Halafu, kabla ya kutangaza kwamba umegundua mtaa usiojulikana, hakikisha slaidi haikuingizwa kinyume: soma maandishi ya maduka.

Usiandike uliyokisia kana kwamba umethibitisha. "Lafayette, kati ya 1986 na 1994, pengine majira ya baridi" ni maelezo bora kuliko "1989" isiyo na ushahidi, hata kama ya pili inaonekana ya kitaalamu zaidi.

Kusimama aliposimama mpiga picha wa zamani

Treni ikishaondolewa, bado kuna kazi nzuri ya kufanya: kuupiga mtaa uleule kutoka palepale. Watu wengi hukosea kwa kutafuta upana wa picha kwanza. Upana ni wa lenzi na unaweza kukatwa baadaye. Mahali pa kusimama hapakatiki. Tafuta katika picha ya zamani kitu cha karibu na kitu cha mbali vinavyogusana, mfano ukingo wa paa la benki na dirisha la jengo lililo nyuma yake. Ukisogea kulia au kushoto mgusano huo unavunjika, basi sogea mpaka urudi. Rudia kwa jozi ya pili upande mwingine wa picha. Jozi zote mbili zikikaa sawa, umefika. Urefu wa kamera utaupata kwa kutazama upeo wa macho unakata wapi milango. Ukijikuta katikati ya barabara ya magari, rudi njia ya waenda kwa miguu ukubali tofauti ndogo.

Kuhifadhi

Kwa ufupi. Kodachrome ikikaa gizani hudumisha rangi zake vizuri, lakini huchujuka ikirushwa ukutani mara nyingi, hivyo iskani uonyeshe nakala. Zima kitendaji cha skana kinachoondoa vumbi kwa miale ya infraredi: kwa Kodachrome hukosea, na kwa filamu nyeusi na nyeupe hakifai kabisa. Boksi likinuka siki, plastiki ya filamu imeanza kuoza. Litenge na mengine, uliweke mahali pakavu penye baridi, uskani filamu zake kwanza. Na usitupe fremu zenye mihuri.

Je, pwani yetu iliwahi kuwa na treni ya mtaani?

Ndiyo. Reli ya Bububu huko Unguja, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kufunguliwa 1905, ilianzia karibu na Ngome Kongwe, ikapenya mitaa myembamba ya mji kabla ya kutoka kuelekea kijijini, safari ya takriban maili 7. Mombasa nayo ilikuwa na troli zilizosukumwa na watu juu ya reli za mtaani, ingawa hizo haziitwi treni kwa haki. Kwa miji yote miwili kilichobaki ni kadi za posta na picha za rangi moja, na njia ya kuzisoma ni ileile. Anza na kuta za Ngome Kongwe, milango, baraza na minara ya misikiti, uunganishe cha karibu na cha mbali, halafu andika nyuma ya nakala yako, kwa penseli laini, majengo uliyoyatumia kupata mahali, ili atakayekuja kukubishia aweze kwenda kusimama hapo na kupima mwenyewe.